Shangazi Aliyekuwa Juu ya Dungu

Wewe unayenisikiliza, kama hujawahi kukanyaga mahakamani usiwe na wasiwasi. Nitakwenda polepole, na nikitumia neno la kazini kwetu nitalifungua papo hapo. Mimi ni wakili wa serikali. Maana yake ni kwamba mtu akishtakiwa kwa kuua, anayeleta mashahidi wa upande wa mashtaka na kuwauliza maswali ni mimi. Nimefanya kazi hiyo hapa Mpanda kwa muda mrefu, kiasi kwamba wauza nyanya wa sokoni huniuliza mambo ya talaka huku wakinipimia.

Kesi ninayotaka kukueleza ilitoka Kasansa, na iligombanisha watu mpaka huku mjini. Majirani wawili walikorofishana kwa sababu ng'ombe wa mmoja waliingia kwenye mpunga wa mwenzake. Mwenye mpunga akafa. Mwenye ng'ombe akashtakiwa kwa kuua kwa kukusudia, lakini mwisho wa kesi akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Hayo mawili yako mbali sana. La kwanza adhabu yake ni kunyongwa, la pili ni kifungo ambacho jaji mwenyewe anakipima. Akafungwa, akamaliza, akarudi kwa mama yake. Kijijini watu wakasema kesi iliuzwa, na muuzaji ni mimi.

Sasa, kuna kikundi cha maigizo pale Makanyagio. Ni watu wa kawaida tu, wauza duka, mafundi cherehani na waendesha bajaji, na kiongozi wao ni kinyozi. Baada ya mavuno kikundi kiliamua kuigiza kesi hiyo, na uongozi wa kijiji ukakialika kuipeleka Kasansa kwenyewe. Nilisikia habari hizo nikacheka, nikadhani hazinihusu.

Jumamosi moja mama wa yule mwenye ng'ombe alifika nyumbani kwangu na jogoo kwapani. Nilimkaribisha kiti, jogoo nikamwomba amwache nje ya mlango, nikamweleza kwamba mtu wa kazi yangu hapokei kuku wa mtu aliyekuwa na kesi, hata kesi ikiisha. Hakukasirika. Alisema basi jogoo atarudi naye, alikuwa amemsindikiza tu. Kisha akaacha utani.

"Mwanangu amefungwa, amemaliza, hilo silidai," alisema. "Lakini hao watu wa maigizo wanataka kumwonyesha akimpiga mwenzake kisogoni kwa nyuma, kama anaua nyoka. Wakionyesha hivyo pale kwetu, kesho yake nani atamuuzia hata chumvi? Atahama. Na mimi itabidi nihame naye, kwa miguu hii."

Niliitazama miguu yake, imevimba kwenye vifundo. Nilimwambia mchezo si wangu na siwezi kumwamuru mtu aigize nini. Ila nitakwenda kuutazama. Jumatatu nilimweleza mkubwa wangu wa kazi, naye akaniruhusu, mradi niseme yale tu yaliyokwisha kusemwa mbele ya watu wote mahakamani.

Mazoezi yalifanyikia uani kwa kinyozi. Niliingia nikajikuta nimeshafika. Muuza dagaa mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja, alikuwa amevaa joho la kwaya na miwani ya jua, ananyoosha kidole, anafoka. Huyo ndiye mimi. Alipogundua nimesimama nyuma yake hakutahayari hata kidogo. Aliniomba nimwonyeshe nilivyoongea siku ile, nikamwonyesha.

"Dada wakili," alisema, "uliongea taratibu hivyo hivyo? Jaji hakusinzia?"

Kinyozi, ambaye ndiye aliyekuwa jaji, alisema kwa uzito kwamba yeye asingesinzia.

Wakaanza upya ili nione mchezo wote. Shahidi wa kwanza akaja, akasema jua lilikuwa limekaa juu ya kichuguu, na akamwona mwenye ng'ombe akimpiga mwenzake fimbo ya kisogo. Shahidi wa pili akasema jua lilikuwa limekaa juu ya kichuguu, akaona fimbo. Wa tatu naye jua lake likakaa juu ya kichuguu kile kile. Nilicheka mpaka nikaomba maji, maana ndivyo nilivyokutana nao mara ya kwanza, mashahidi wa kweli, nilipokuwa naandaa kesi.

Hapa nikueleze kitu. Mtu akifa kwetu, watu wanakaa matanga. Wanalala pale, wanapika pale, na usiku kucha wanasimuliana jinsi ilivyotokea. Anayejua kidogo anasimulia, asiyejua anasikiliza, na kila anayefika kutoka mbali anasimuliwa upya. Matanga yanapoanuliwa, habari imepikwa pamoja na ule ubwabwa, na kila aliyekula anatoka nayo kama yake. Hakuna anayedanganya. Kila mtu anaiona kabisa kichwani mwake. Shida ni kwamba mahakama inataka ya machoni.

Kulikuwa na fundi baiskeli aliyenieleza tukio zima vizuri kuliko wote, na kichuguu chake akakitaja. Nilipomuuliza siku hiyo alikuwa wapi, alisema alikuwa Mpanda, kituoni, anasubiri mzigo wa spea uliokuja na treni ya kutoka Kaliua.

"Sasa uliona vipi?" nilimuuliza.

"Niliona kwa kuambiwa, mama," alisema. "Lakini niliambiwa vizuri sana." Jibu hilo alilipenda, akalisambaza mwenyewe mpaka saluni za Mpanda.

Kwa hiyo nilifunga safari na mpelelezi hadi Kasansa, tukamsimamisha kila mtu pale alipokuwa siku ile. Kati ya nyumba na mpunga kulikuwa na ukanda wa mahindi yaliyompita mtu mrefu. Ukisimama uwanjani unaona mahindi, ukisimama njiani unaona mahindi. Mahali pamoja tu palikuwa juu ya mahindi, napo ni kwenye dungu, kile kichanja cha miti ambacho mtu anapanda kukaa na kufukuza ndege wasile mpunga. Juu ya dungu siku ile alikuwa shangazi wa marehemu, dada wa baba yake, aliyemlea toka mdogo.

Shangazi ndiye aliyeleta jua na kichuguu matangani. Fimbo ya kisogo haikuwa yake, iliongezwa baadaye na midomo ya wengi. Yeye aliona wanaume wawili wameshika fimbo moja, kila mmoja anaivuta. Fimbo ikamponyoka yule mwanawe wa kulea, akaanguka kinyumenyume, kichwa kikapiga plau iliyoachwa pembeni mwa shamba. Mwenye ng'ombe akaitupa fimbo, akapiga magoti, akaanza kuita watu. Daktari naye alikuwa amekuta jeraha la chuma, si la mti.

Nilimuuliza kama anajua maneno hayo yatampunguzia kosa mtu aliyemwondolea mtoto. Alinijibu akiwa anapepeta mchele, bila kuinua macho: "Nilimlea mimi. Sitamzika na uongo juu yake."

Ndiyo sababu nilimpeleka yeye kizimbani, wale wengine nikawaacha nyumbani. Kazi yangu si kushinda. Ni kuleta mbele ya jaji kile kinachosimama chenyewe, basi. Lakini kijiji kilihesabu mashahidi walioachwa, kikaona nimewaficha. Shangazi yakamkuta makubwa kuliko yangu. Ndugu walisema amemuuza mtoto wa kaka yake, na tangu hapo akawa haalikwi harusini wala haitwi kwenye vikao vya ukoo.

Pale uani sikuwaambia haya yote, ila yale tu shangazi aliyoyasema mahakamani. Niliwaomba kamba, kanga na meza. Tukafunga kamba kutoka mlango wa saluni hadi mpapai, tukaanika kanga, hayo ndiyo mahindi. Meza nikaiweka upande mmoja, hilo dungu. Nikawaomba mashahidi wasimame nyuma ya kanga, na wanaume wawili wagombanie fimbo ng'ambo ya pili.

Nilimuuliza wa kwanza anaona nini. Akasema anaona kanga. Wa pili akasema na yeye anaona kanga, yenye korosho, tena imechanika pembeni. Wakaanza kucheka wote, hata wagombanaji wakaiachia fimbo. Kisha nikamwomba muuza dagaa avue miwani apande mezani. Alipanda kwa kushikwa mkono, akatazama ng'ambo.

"Naona kila kitu," alisema. Akashuka. "Sasa dada, mchezo unabaki na shahidi mmoja. Watu watatudai."

Nikamwambia mahakamani nako ilikuwa hivyo hivyo. Kinyozi akalalamika kuhusu fimbo, kwamba ameichonga kwa mikono yake. Nikamtuliza kwamba itatumika, ila ishikwe na watu wawili. Wakajadiliana mpaka giza likaanza kuingia, wakakubaliana waigize walichokiona wao wenyewe pale uani. Mimi sikupiga kura.

Siku ya safari tulijazana kwenye gari la kukodi, tukapita mbugani tumefunga vioo kwa sababu ya mbung'o, na muuza dagaa akifanya mazoezi ya kuongea taratibu mpaka dereva akamsihi apumzike. Kasansa tulikuta vijana wamejenga dungu la kweli mbele ya ghala la mpunga, na ngazi ya miti. Watu walikuwa wengi. Ndugu wa marehemu walikaa upande wa mbele. Shangazi alikaa peke yake mwishoni mwa mkeka. Mama mwenye jogoo nilimwona kwa mbali, na mwanawe amesimama nyuma yake, ameegemea ukuta wa ghala kama mtu anayetafuta njia ya kutokea.

Mchezo ulianza vizuri. Alipofika shahidi wa kuigiza, mmoja wa wale wa nyuma ya kanga, aliyesema ameambiwa vizuri, mtu akasimama katikati ya watu. Alikuwa fundi baiskeli mwenyewe. "Huyo ni mimi," alisema, "na sikusema vizuri. Nilisema vizuri sana." Watu walicheka hadi watoto wakaamka, na kicheko kile kikawalegeza wote. Mmoja akamtania jirani yake kwamba naye aliona akiwa Mpanda, jirani akajibu yeye alikuwa mbali zaidi.

Ikafika zamu ya shangazi. Binti aliyemwigiza alipanda dungu, akaanza kusema fimbo ilishikwa na watu wawili, na mbele kwa ndugu manung'uniko yakaanza. Binti akasita. Ndipo shangazi wa kweli akainuka, akakaza kanga kiunoni, akapita katikati ya watu hadi kwenye ngazi.

"Shuka, mwanangu," alisema. "Hapo nilikaa mimi."

Binti akashuka, yeye akapanda. Muuza dagaa alinitazama. Nilibaki nimekaa. Kwa hiyo akauliza lile swali dogo nililomfundisha uani, kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Shangazi, ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Uliona nini?"

Akasema yote, kama alivyosema mahakamani, bila kuongeza. Kisha akaongeza kidogo, na hili mimi sikuwahi kumuuliza. Alisema kabla ng'ombe hawajaingia, mwanawe alikuwa amesimama chini ya dungu akimtania, kwamba ndege wa siku hizi hawamwogopi shangazi kama yeye alivyomwogopa utotoni. Ndugu wa mbele walicheka kwa sauti, maana ni kama walimsikia mwenyewe akiyasema, kisha wengine wakajifuta macho kwa kanga. Muda wote wa kesi tulimwita marehemu. Jioni ile alikuwa mtu mwenye mdomo.

Shangazi alipoanza kushuka, ngazi ikacheza. Kabla kijana yeyote hajafika, mtu alitoka ukutani, akaishika kwa mikono miwili. Alikuwa yule mwenye ng'ombe. Shangazi alitazama chini akamwona. Akaendelea kushuka, na alipofika chini aliweka mkono begani kwake ili akanyage vizuri, akauacha pale mpaka alipofika kwenye mkeka. Mke wa kaka mkubwa wa marehemu akasogea kumpisha shangazi nafasi, mbele.

Mchezo haukuisha. Kinyozi hakusoma hukumu yake aliyoikariri, na mpaka leo ananidai nafasi ya kuisoma. Tulikula wali na samaki, tukarudi.

Wiki iliyofuata simu ikaita. Mama yule aliniambia amemtuma mwanawe dukani, amerudi na chumvi, tena amechelewa kwa sababu mwenye duka alimkalisha wakaongea habari za ng'ombe. Akauliza kama sasa anaweza kuniletea jogoo. Nikamwambia hapana, na jogoo asalimiwe.

Basi, siku ukiitwa kuwa shahidi, popote pale, fanya hivi. Rudi kwanza mahali uliposimama siku ile, utazame kinachoonekana kutoka hapo. Hicho ndicho ukaseme. Ukiulizwa usichokiona, jibu kwamba hukukiona, kisha nyamaza usubiri swali linalofuata.