Birika Nililojenga Korbesa

Wewe unayenisikiliza, hasa kama kazi yako ni kuwajengea watu kitu, sogea karibu nikueleze polepole jinsi nilivyojenga uchafu kwa saruji ya serikali.

Miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nilikuwa fundi wa maji Isiolo mjini. Nilitumwa Korbesa kuweka pampu na birika la mifugo kisimani. Nikaitisha baraza, nikawauliza wazee wanataka nini.

"Maji," wakasema.

Nikawaonyesha mchoro wa birika moja refu. "Ni sawa?"

"Sawa," wakajibu wote, wakaweka alama za vidole gumba kwenye fomu yangu.

Usijione mjinga ukikosea hapo, maana ni rahisi. Nilidhani "sawa" ni jibu. Kumbe pale mgeni aliyeleta zawadi hapingwi mbele ya watu. Abba herega, yule anayepanga zamu za kunywesha, hakuwepo barazani. Alikuwa kisimani na ngamia, na wanawake walikuwa huko wakichota.

Nikajenga, nikaenda zangu. Niliporudi baada ya miezi mitatu, harufu ilinipokea kabla ya watu. Ukuta ulikuwa mfupi, kwa hiyo mbuzi walipanda ndani ya birika, wakanya na kukojoa humohumo. Maji yalikuwa ya kijani, mazito kama uji, funza wakijinyonganyonga juu yake. Bomba la watu halikuwepo, kwa sababu sikulichora. Mwanamke mmoja, mtoto mgongoni, alikuwa ameinama akisukuma samadi kwa kiganja ili ajaze debe.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam. Fundi narudi!" Akachota kikombe, akanipa. "Kunywa."

"Mama, haya maji..."

"Wewe najenga, wewe naogopa? Mtoto yangu nakunywa hii. Wiki mbili sasa nahara tu."

"Pea fundi sukari!" mwenzake akapaza sauti, wakacheka.

Macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Nikamrudishia kikombe. Sikunywa.

Nikamwuliza abba herega kwa nini hakuniambia.

"Wewe nauliza wale nakunywa chai," alisema. "Mimi nani nauliza?"

Ofisini mkubwa wangu alikuwa akitafuna nyama, mafuta yakimtiririka kidevuni. "Si waliweka vidole?" akasema. "Fomu imekamilika. Tatizo liko wapi?" Akafutia mkono kwenye faili lenyewe. Nilichukizwa naye, kisha nikakumbuka kwamba ile fomu niliijaza mimi.

Nilimsumbua hadi akanipa mabomba, nikarudi. Safari hii nilichota maji na yule mama asubuhi nzima. Akaweka kiganja kiunoni, kimo cha bomba la kuchotea watu: "Mfereji hapa. Karibu na pampu." Abba herega akakataa, huko ndiko ngamia hupita. Wakagombana kwa Kiborana hadi jasho likawatoka, nami nikangoja na kalamu mfukoni. Mwishowe wakakubaliana: mfereji ukae ng'ambo ya njia ya mifugo, uzungushiwe miiba, na maji yaufikie kwanza kabla ya birika. Jioni tulipoufungua, mama alimnywesha mtoto maji ambayo hata mimi niliyanywa. Mtoto alichukua mwezi kupata nguvu. Ingekuwa rahisi achukuliwe na kuhara kabla sijarudi, na fomu bado ingekuwa imekamilika.

Basi kabla hujachora chochote, nenda mahali kazi inapofanyika, saa inapofanyika. Ifanye pamoja na wanaoifanya. Kisha mpe kila mmoja kalamu, umwambie akate kwenye mchoro wako kile asichokitaka.