Hisa ya Baba Kwenye Shimo la Lithiamu

Baba alianza kuyapenda madini siku mume wangu alipompakia kwenye gari letu la haibridi, tukitoka Mombo kumrudisha nyumbani kwake Lukozi. Tulikuwa tumelinunua mtumba, na baba alikuwa hajalipanda. Pale Soni, kwenye foleni nyuma ya lori la kabichi, injini ikanyamaza huku gari likiendelea kusogea. Baba akashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Mkwe, limezimika! Kanyaga breki!"

"Halijazimika, baba. Sasa hivi linakwenda kwa betri."

Hakuamini mpaka tulipofika Lushoto mjini. Akataka kujua betri hiyo ina nini ndani. Mume wangu akamweleza kwamba kuna lithiamu, na kwenye mota kuna madini mengine adimu, na kwamba dunia nzima inayatafuta, hata upande wa Dodoma watu wanachimba. Baba akanyamaza njia nzima iliyobaki. Mimi ni mwanawe wa kwanza, ninaujua ukimya ule. Ndio aliokuwa nao kabla ya kung'oa kahawa ya babu na kupanda karoti.

Wiki chache baadaye akapata alichokitaka. Mwalimu mwenzangu, mtu wa Dodoma, alikuwa na shangazi yake aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji wadogo. Leseni walikuwa nayo, shimo walikuwa nalo, ila walihitaji mtu wa kushirikiana naye wanunue mashine ya kutobolea mwamba. Baba akaweka faida ya msimu mzima wa karoti.

Mama alipopata habari alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Watu wakila karoti zako wanapata afya," alisema. "Hayo mawe nani atayala?"

"Yataliwa na magari."

"Haya. Magari yakishiba utaniambia."

Nilicheka, lakini nilikuwa na wasiwasi. Tumesikia habari nyingi za watu wanaouziwa mashimo yasiyokuwepo. Kila Jumamosi nilipopanda kuwasalimu, baba alinionyesha picha kwenye simu: watu wamesimama na sururu, mawe meupe yenye vipande vinavyong'aa. Alizitazama kama mtu anayetazama picha za wajukuu. Kisha picha zikakoma. Simu ya mwenyekiti ikawa haipatikani, hata mwalimu mwenzangu hakumpata shangazi yake. Baba akaanza kula kidogo.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, tukasikia hodi. Nikafungua. Alisimama mwanamke wa makamo, amejifunga khanga mbili nyepesi, meno yanagongana kwa baridi. Dereva wa bodaboda alimshushia kiroba cha karanga, akaondoka.

"Shikamoo, mzee," alimwambia baba. "Mimi ndiye mwenyekiti wa shimo."

Mama ndiye aliyewahi kusimama. Alichukua koti zito la baba ukutani, akamvisha yule mgeni kama anavyovishwa mtoto, akamkalisha jikoni karibu na moto na kumpa chai ya tangawizi. Hakuulizwa neno mpaka alipoacha kutetemeka.

Ndipo akasema. Mawe yalitoka, lakini mnunuzi aliyapima akakuta lithiamu ni kidogo mno, akayakataa yote. Simu yake nayo ilidondokea shimoni. Kikundi kimeamua kuchimba upande wa pili wa kilima. Anayetaka kujitoa atarudishiwa chake polepole.

"Nimeona si heshima kumwambia mtu mzima habari kama hizi kwa simu ya kuazima," alisema. "Ndiyo maana nimekuja."

"Umetoka Dodoma kuja kusema hilo tu?" mama akauliza.

"Hilo tu, mama."

Baba aliinuka. Kisha akamwambia mgeni avae viatu vya mvua vya mama, akampeleka shambani. Niliwafuata. Yule mgeni aliinama kwenye mfereji akachota maji kwa kiganja, akacheka peke yake. Kwao, alisema, wakati kama huu hata mbwa wanajua thamani ya tone. Baba akamwonyesha kitalu cha viazi.

"Hapa ugonjwa wa mnyauko uliwahi kunimalizia shamba lote. Nikang'oa, nikapanda tena upande ule kule. Chimbeni, mwanangu. Mimi sijitoi."

Nilidhani mama atamkemea. Badala yake alimlaza mgeni kwa siku tatu, na alipoondoka alimfungia viazi, mapea na lile koti la baba. Kuanzia hapo wao wawili ndio wanaopigiana simu kuliko mtu yeyote, wakilalamikia waume zao.

Mwaka huu upande wa pili wa kilima umetoa mawe mazuri. Baba alinipigia nikiwa ofisi ya walimu, sauti yake juu.

"Mnunuzi ameyachukua!"

"Kwa bei gani, baba?"

"Bei sijauliza. Nimeuliza kama wote wametoka shimoni salama. Wametoka."

Fungu lake lilipofika halikuwa kubwa. Alimnunulia mama jiko la gesi, na mama analitumia kuchemshia chai ya wageni tu. Chakula, anasema, bado kinataka kuni.