Mzee wa Bariyeri ya Mvua

Jumanne nilipata habari kwamba amefariki yule mzee aliyelinda bariyeri ya mvua kwenye barabara ya kutoka Lubero kuja hapa Butembo. Vijana huenda hawajui ninasema nini. Zamani mvua ikinyesha, gogo la mkalitusi lilishushwa katikati ya barabara, na hakuna kamyo iliyopita mpaka udongo ukauke. Kazi yake ilikuwa kushusha na kuinua gogo hilo. Aliniomba zaidi ya mara moja niandike hapa gazetini habari za kituo chake, nami kila mara nilimwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuja na habari za watu waliokimbia vijiji vyao, na nafasi ikajaa. Nimechoka kuandika habari hizo, ila uchovu wangu haumsaidii yeye sasa.

Kabla ya gogo hapakuwa na kitu pale, kona tu na ukungu. Kamyo zilipoanza kusimama, akina mama walileta viazi vya kuchemsha, halafu chai, halafu vikajengwa vibanda vya mbao. Siku ninayoikumbuka nilikuwa nimekaa juu ya magunia ya viazi kwenye kamyo, nina hasira, nataka kufika Kimemi, huku Butembo, kabla ya giza. Mbele yetu palikuwa na gari la bibi harusi, naye alikuwa binti wa mzee mwenyewe. Mvua ilikuwa imekatika, lakini njia bado inateleza. Mke wa mzee alishuka, viatu vya sherehe mkononi.

"Baba, fungua. Batu banatungoya ku kanisa."

"Batangoya. Mukipita sasa mutaacha mashimo, na kesho mwenye kubeba mugonjwa atakwama mule."

"Lakini huyu ni mutoto wako."

"Najua. Njo maana naona haya kumupitisha."

Tulikaa karibu masaa matatu. Alipoinua gogo alimwambia kila shofere "wasingya", asante ya Kinande, kama kawaida yake. Mkewe hakuitikia, na nilisikia baadaye kwamba hakumsemesha juma zima.

Kituo kilikufa polepole. Kwanza yalipita magari ya wenye bunduki, ambao hawakuwa watu wa kusimamishwa na gogo. Wafanyabiashara wakaona na wao wanaweza. Bureau ya barabara, iliyomweka pale, ikanyamaza. Kamyo ikavunja gogo, mzee akakata lingine shambani mwake, nalo likavunjwa. Akina mama wakahamisha masufuria yao. Leo kamyo hulala siku mbili matopeni pale pale tulipokataa kungoja masaa matatu, nasi tunailaumu barabara kana kwamba ilijichimba yenyewe.

Alhamisi tulimchukua kutoka hospitali hapa mjini kwenda kumzika kwao, ukishapita kituo. Tulipofika kwenye zile nguzo mbili zilizobaki, mvua ikashuka kwa nguvu. Shofere alitaka kuongeza mwendo. Mjane, aliyekaa karibu na jeneza, akamgusa bega.

"Hapana, Papa shofere. Zima motere. Huyu alizuia mutoto wangu siku ya ndoa. Leo na yeye angoye."

Wengine walicheka, kisha wakalia. Sijui kama ilikuwa heshima au kisasi kidogo, labda vyote viwili. Nyuma yetu ikaja kamyo ya viazi, ikapiga honi. Shofere wake akashuka, akauliza, akarudi akazima motere yake. Mvua ilipokatika tuliendelea kukaa mpaka njia ikakauka. Ndipo mjane akamwendea yule shofere wa kamyo, akamwambia, "Wasingya."

Mzee alimngojesha binti yake kwa ajili ya mgonjwa asiyemjua, na barabara ikaishi kwa sababu hiyo. Mimi nilimngojesha yeye, na hakuna aliyefaidika. Mwenye jambo la kumwandikia mtu amwandikie leo, mtu huyo angali anaweza kulisoma.