Dijei Aliyewapa Watu Mgongo

Shangazi yangu Rovenia Tidwell hupiga muziki akiwa amewapa watu mgongo. Si dharau, ni meza tu. Chumba chetu cha chini, hapa West Side ya Chicago, kina soketi moja inayofanya kazi, nayo iko ukuta wa mbali karibu na mashine ya kufulia. Meza ya santuri iliwekwa pale tangu mimi sijazaliwa, ikaelekea ukutani, naye shangazi akaelekea huko huko. Watu wanacheza nyuma yake. Yeye anatazama matofali.

Kazini ni hivyo hivyo. Anaendesha basi la jiji kwenye barabara ya Pulaski na abiria wote wako kisogoni kwake. Anasema ukiwapa watu mgongo miaka mingi unajua nani kakasirika, nani anataka kushuka lakini anaona haya kubonyeza kengele. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, humtania, "Dada, wewe macho ya mbele umepewa ya kuvalia miwani tu."

Dansi yetu ni ya wawili wawili. Mwanamume anamshika mwenzake mkono, anamzungusha, wanarudi, wanateleza taratibu kama watu ambao hawana pa kwenda. Huruki. Hutoi jasho ovyo. Viatu vina soli za ngozi, na sakafu yetu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu inazipenda soli hizo: shwaa, shwaa, ta. Shwaa, shwaa, ta. Hiyo ndiyo sauti anayoifuata shangazi. Nimemwangalia sana, maana mimi huwa nakaa kwenye ngazi na watu hunisahau. Akisikia shwaa imekuwa fupi, anajua miguu imechoka, anatoa wimbo wa polepole. Akisikia ta inachelewa, anajua watu wameanza kupiga soga badala ya kucheza, na mkono wake tayari uko kwenye kreti ya santuri, anatafuta nyingine. Zamani nilidhani anabahatisha. Habahatishi.

Kupiga muziki klabu alikutaka tangu ana umri kama wangu. Ndoa ikaingia, watoto wakaingia, basi likaingia, talaka ikaingia, na kila kilichoingia kilipita mbele ya foleni. Sasa ana miaka hamsini na mbili na klabu yake ilikuwa ni kile chumba, na wateja wake walikuwa sisi.

Halafu bibi akatimiza miaka themanini, tukamfanyia sherehe kule chumba cha chini. Bwana Cleophus Mabry, mwenye Klabu ya Indigo, alipitia kumpa mkono wa heri. Akasema hakai, koti havui. Koti alilivua. Akala mabawa ya kuku yaliyoogeshwa sosi mpaka kwenye viwiko, akacheza na bibi, akacheza na mama, akarudi tena kwa bibi.

"Nani huyu anayepiga?" akamuuliza baba, anahema.

"Dada yangu."

"Mbona hageuki?"

"Ukimgeuza anaharibika."

Mabry alicheka, lakini hakuondoka. Alisubiri watu wapungue, akamwendea shangazi pale mezani. Dijei wake wa Jumapili ya kwanza ya mwezi alikuwa amehamia Atlanta. "Kuna kijana mmoja nataka kumjaribu," alisema. "Yeye nitampa saa kumi jioni. Wewe nakupa saa tisa. Watu wangu wakikaa sakafuni, Jumapili ya kwanza ni yako kila mwezi. Wakienda kukaa vitini, basi, tutabaki kusalimiana kanisani."

Shangazi alisema atafikiri. Alifikiri kwa muda wa kuosha sahani moja. Akapiga yowe la furaha pale jikoni hadi bibi akaamka.

Wiki ile nyumba haikukalika. Santuri zilipangwa, zikapanguliwa. Alikuwa akigeuza mayai anahesabu midundo. Baba alimwambia, "Dada, yai limeungua." Akajibu, "Liache, liko kwenye kiitikio."

Jumapili ilipofika tulikwenda wote, maana mchana watoto na vijana wanaruhusiwa mradi wasisogelee baa. Ndani kulinukia kambare wa kukaanga na marashi. Wanaume walikuwa wamevaa suti za rangi moja na viatu vyao, kofia pia, mmoja wa kijani kibichi kabisa na hakuna aliyemcheka kwa sababu alikuwa amependeza. Yule kijana wa saa kumi, Quintrell, alikuwa amefika mapema na kompyuta nyembamba kwapani. Akamwona baba anaingiza kreti ya santuri, kisha nyingine, kisha nyingine.

"Shikamoo, shangazi," akasema. "Umehama nyumba?"

"Marahaba. Nimehama," shangazi akamjibu. "Nimekuja kukaa hapa. Wewe umekuja na trei ya chai?"

Meza zote za karibu zikalipuka kwa kicheko. Quintrell naye alicheka. Nikasema moyoni, leo ni leo.

Ila mahali pa dijei hapakuwa kama kwetu. Palikuwa juu ya jukwaa, na meza imeelekea kwa watu. Shangazi alipanda, akasimama, akaona macho ya klabu nzima yanamtazama. Nilimwona anashika ukingo wa meza kama usukani.

Wimbo wa kwanza ulijaza sakafu. Ulijaza vizuri, jamani! Mzee Otha na mkewe Bi Earlene, ambao wote pale huwaangalia wao kwanza, waliingia katikati, na wengine wakawafuata. Spika za pale ni ndefu kumpita baba, besi inaingia kifuani bila kubisha hodi. Shangazi akatabasamu. Watu wakamtabasamia. Akaweka wa pili. Wakamtabasamia tena, halafu wawili wakaenda kukaa. Akaweka wa tatu. Wengine wakampungia mkono, "Vizuri, dada, vizuri!" huku wanaelekea kwenye viti. Ndiyo tabia ya watu wetu, atakusifu usoni na huku anakwenda zake.

Nilijua kilichomsibu kabla hajajua yeye. Alikuwa anasoma nyuso. Hajawahi kusoma nyuso maishani mwake. Na kwa zile spika, shwaa ilikuwa haisikiki hata kidogo. Tena kwa furaha na woga vikichanganyika, alikuwa anausukuma mwendo wa santuri mbele, kidogo, halafu kidogo tena, ule mkono wa mtu anayechelewa kituo. Watu wazima walikuwa wanakimbizwa. Hakuna anayelipa kiingilio aje akimbizwe.

Mabry alisimama kando ya baa amekunja mikono. Quintrell alianza kufungua kompyuta yake, polepole, kwa heshima, na ile heshima ndiyo iliniuma. Sakafuni walibaki wachache, unawahesabu bila kutaka. Bibi akasema kwa sauti, "Mwambieni mwanangu ageuke!" Lakini nani angemsikia?

Ndipo shangazi akafanya jambo. Alishika kitufe cha sauti akakishusha chote. Chini kabisa. Klabu nzima ikawa kimya.

"Hee! Mabry!" mtu akapiga kelele. "Umeme hujalipa?"

"Dijei kalala!"

"Mrudishieni basi lake!"

Mabry alikuwa ameshaanza kuja mbio kwenye jukwaa. Lakini sakafuni Mzee Otha alikuwa katikati ya kumzungusha mkewe, na kwetu sisi mwanamume hamwachi mwanamke mkono mzunguko haujakamilika, hata paa lianguke. Akamaliza mzunguko. Bi Earlene akarudi kwake, na kwa vile miguu ilikuwa imeshika njia, wakaendelea. Wale wengine wachache, kuona Otha haachi, nao hawakuacha. Wakacheza bila muziki. Na katika kimya kile ikasikika juu ya mbao: shwaa, shwaa, ta. Shwaa, shwaa, ta.

Shangazi akageuka. Aliwapa watu mgongo, mbele ya klabu nzima, akainamisha kichwa, akatazama ukuta mweusi wa nyuma ya jukwaa. Mabry alifika chini ya ngazi akasema, "Rovenia! Unafanya nini, mama?" Shangazi alinyoosha mkono nyuma bila kumtazama, kiganja wazi, kama anavyowazuia abiria wasishuke kabla basi halijasimama. Na Mabry akasimama.

Watu wa vitini wakaanza kuelewa. Mmoja akapiga kofi kufuata miguu. Mwingine akaimba ule mstari ambao wimbo ulikuwa umeufikia, na meza nzima ikamjibu. Shwaa, shwaa, ta. Ilikuwa polepole kuliko alivyokuwa akipiga, polepole sana. Nikaona mabega ya shangazi yanashuka. Akaondoa santuri ile, akachomoa nyingine bila kusoma jalada, akaiweka, akavaa kipokea sauti sikio moja, sikio la pili akaliacha kwa watu. Mkono wake mmoja uliupunguza mwendo, ukapunguza, ukapunguza.

Halafu akapandisha sauti. Hakuipandisha ghafla. Besi iliingia chini ya miguu ya Mzee Otha kwa namna ambayo ungesema imetoka kwenye viatu vyake.

Wee! Kelele iliyotoka pale siwezi kuiandika. Viti vilisukumwa nyuma kwa pamoja. Yule bwana wa kijani alikimbilia sakafuni na kitambaa cha kulia kikiwa bado shingoni. Mama alimvuta baba, baba akaacha samaki wake, na baba haachi samaki. Mtu mmoja alikuwa anapiga kelele tu, "Kavipata! Kavipata viatu vyetu!" Sakafu ilijaa mpaka wengine wakachezea kwenye zulia, ambako soli haitelezi, wakateleza hivyo hivyo.

Tangu hapo shangazi hakugeuka tena. Alikuwa akishusha sauti kidogo mwishoni mwa kila wimbo, anasikiliza, anachagua. Watu wakajua mchezo. Kila aliposhusha walikaza miguu makusudi, wakisaidia. Mgongo wake ulikuwa umelowa, gauni la zambarau limekuwa karibu jeusi, na sijawahi kuona mgongo wenye furaha vile.

Saa kumi ilipita. Quintrell alipanda jukwaani, akasubiri, akasubiri, hakumgusa bega. Nilikuwa nimesogea karibu na ngazi nikamsikia.

"Shangazi, sasa mimi niwapige nini hawa?"

"Usiwapige kitu, mwanangu. Wasikilize." Akavua kipokea sauti akamvalisha. "Na usikimbie. Mimi nimekimbia leo nikaona cha mtema kuni."

Shangazi hakuwahi kufika hata mezani kwetu. Mzee Otha alimdaka chini ya ngazi, Bi Earlene akaridhia kwa kichwa, na shangazi akavutwa sakafuni na viatu vyake vya basi, vya mpira. Mabry akawafuata huko huko katikati ya watu, anazunguka nao kama nzi.

"Rovenia, Jumapili ni yako! Umenisikia? Lakini lazima utazame watu! Watu wanataka kumwona dijei!"

"Nini?"

"Uso! Wanataka uso wako!"

"Uso wangu wanauona wakipanda basi kila siku na hakuna anayecheza!" shangazi akampigia kelele akiwa anazungushwa. "Geuza meza, Mabry!"

"Meza imefungwa kwa skrubu!"

"Basi tafuta bisibisi!"

Bwana wa kijani alisema yeye anayo bisibisi garini. Mwingine akasema ataleta waya. Mabry alisimama katikati ya wachezaji, amezuia njia, watu wanamgonga na kumwambia apishe au acheze. Alitazama jukwaa, akatazama ile sakafu iliyojaa hadi kwenye zulia, akakuna kichwa chini ya kofia.

"Mwezi ujao," akasema hatimaye, "itakuwa imegeuzwa."

Shangazi hakumsikia, au alimsikia akaona jibu halihitajiki. Alikuwa ameinua shingo kuelekea jukwaani, ambako Quintrell, kwa furaha ya kuona watu wengi vile, alikuwa ameanza kuongeza mwendo.

"Punguza, mwanangu!" alipaza sauti huku Mzee Otha akimrudisha kwenye mkono. "Punguza, punguza... Hapo! Hapo hapo! Acha hapo!"