Masufuria Sokoni Mwaka wa Kipindupindu

Magreti hakuwahi kutamani ukubwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mmakua aliyezaliwa Nachingwea kwa wazazi waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na alipenda kufundisha darasa la tatu. Watoto wa umri huo, alisema, wanajua kusoma lakini bado hawajajua kudanganya. Nafasi ya mtendaji wa kata ilipotangazwa, mumewe ndiye aliyemsukuma aombe. Akaipata. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, na kazi yake kubwa ilikuwa kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mikorosho na kesi za mbuzi waliokula mihogo ya jirani.

Kisha ikaja ile mvua ya mwanzoni mwa mwaka 1998. Barabara zilikatika, vyoo vya mashimo vikajaa maji na kuporomoka, na visima vya bondeni vilivyotegemewa na nusu ya mji vikawa na rangi ya chai ya maziwa. Kipindupindu kikaingia. Madarasa ya shule yakageuzwa kambi ya wagonjwa, na amri zikashuka kutoka wilayani: hakuna kuuza chakula kilichopikwa, hakuna vilabu vya uraka, ile pombe ya mabibo, hakuna ngoma, na atakayefariki azikwe hapahapa chini ya usimamizi wa watu wa afya.

Kutoa amri kulikuwa rahisi. Utekelezaji uliwaangukia Magreti na Eliudi, bwana afya wa kata, kijana mrefu mpole ambaye pikipiki yake ilihitaji kusukumwa kila asubuhi.

Walianza na mama lishe. Shakila, aliyekuwa akiuza wali na maharage sokoni tangu soko lilipokuwa la mabanda ya makuti, alikuja ofisini huku kanga imelowa hadi kiunoni.

"Mama Andrea, umetufungia. Sawa, sikatai. Sasa watoto wetu wale amri?"

Magreti alimwomba amvumilie, na Shakila akaondoka bila kuaga.

Mchana huo yeye na Eliudi walipita nyumba kwa nyumba wakihimiza watu wachemshe maji ya kunywa. Katika nyumba ya nne au ya tano, mama mmoja aliwasikiliza hadi mwisho, akainuka, akawaletea ukuni mmoja na kumpa Magreti mkononi. Alipoukamua, maji yalichuruzika.

"Nichemshe kwa huu?" mama yule aliuliza, wala hakuwa mkali. Alitaka kujua tu.

Walirudi ofisini. Eliudi alikuwa akisukuma pikipiki kwenye tope jekundu, na Magreti akitembea pembeni. Ghafla akasimama.

"Bwana Eliudi, nani mji huu ana masufuria makubwa na majiko yaliyo chini ya bati?"

Asubuhi iliyofuata alikuwa kwa Shakila kabla hajamaliza kufagia.

"Nataka ukafungue jiko lako."

"Si umelifunga mwenyewe?"

"Nimefunga wali na maharage. Maji sijafunga."

Shakila akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu mvua ianze. Mfanyabiashara mmoja wa korosho alitoa mkaa uliokuwa mkavu ghalani kwake. Halmashauri nayo ikakubali mama lishe wawapikie wagonjwa wa kambini na walipwe kwa kazi hiyo. Soko lililokuwa limenyamaza likafuka mvuke. Watu walikuja na ndoo zenye mifuniko, wakapanga foleni, wakateka maji yaliyochemka. Eliudi alisimama mlangoni na ndoo ya maji ya dawa. Hakuna aliyepita bila kunawa, hata diwani.

Wagonjwa wapya walianza kupungua, na Magreti akadhani mlima ameshaumaliza. Hapo ndipo Mzee Abdulatifu alipofariki.

Alikuwa mkulima wa ufuta kutoka Mbekenyera, aliyekuja kumtembelea binti yake na kuugulia hapo. Mwanawe Yunusi alifika na wajomba zake na gari la kukodi, wamechukua sanda na mkeka. Walitaka kumrudisha kwao. Magreti aliwakuta mlangoni mwa kambi.

"Pole sana, mwanangu. Lakini kumsafirisha haiwezekani. Ugonjwa huu utasafiri naye."

"Mama Mtendaji, baba yangu si mzigo wa magendo," Yunusi alisema. "Ana shamba lake, ana makaburi ya kwao. Wewe Mkristo utanifundisha nimzike vipi?"

Watu walianza kukusanyika. Eliudi akamnong'oneza kwamba polisi waitwe. Magreti akatikisa kichwa. Alimtuma Eliudi kwa Sheikh Saadi, imamu wa msikiti wa jirani, kisha akaketi kwenye benchi la shule karibu na Yunusi na kumuuliza habari za baba yake. Yunusi akaeleza jinsi mzee alivyokuwa akiimba palizi nzima kwa sauti mbaya kuliko zote kijijini, na akaanza kulia.

Sheikh Saadi alipofika, alisikiliza pande zote mbili.

"Yunusi," alisema, "maji yakiwa na madhara, dini imetupa tayamamu, udongo safi mahali pa maji. Tutamsalia, tutamzika kwa heshima zake zote, watu wachache, na hawa wa afya watuonyeshe tunavyotakiwa kujikinga. Dini haikutuagiza tumfuate."

Yunusi alijifuta uso. "Mama yuko nyumbani anamsubiri. Nitamwambia nini?"

"Nitakwenda kumwambia mimi," Magreti alisema.

Hakuwa amepanga kusema hivyo, lakini alikwenda. Walimzika mzee jioni ileile, na siku iliyofuata, baada ya kuoga na kubadili nguo, yeye na Yunusi walisafiri kwa gari lile lile, wakishuka kulisukuma kila lilipokwama. Mjane aliitwa Zaina. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, hivyo Yunusi alitafsiri kwa Kimwera. Magreti alimweleza yote bila kuficha: nani alimsalia mumewe, nani aliingia kaburini, na kwamba amri ya kutomleta nyumbani ameisimamia yeye.

Bi Zaina akauliza jambo moja, "Mlimlaza vizuri?"

"Vizuri, bibi. Nilikuwepo."

Yule mama akamshika mkono, akaubakiza kwenye mapaja yake hadi chakula kilipoletwa.

Mvua ilipokatika, kambi ikafungwa na watoto wakarudi madarasani. Wali na maharage vikarudi sokoni, na siku ya kwanza Shakila alikataa katakata kumuuzia Magreti. Alimpakulia bure, mbele ya watu, sahani iliyojaa kupita kiasi. Bi Zaina alikuja kuzuru kaburi. Magreti alimpokea na kumlaza nyumbani kwake, na wakawa ndugu kabisa. Mtoto wa kwanza wa Yunusi alipozaliwa, Magreti aliitwa Mbekenyera kama mtu wa ukoo.

Aliendelea na utendaji hadi alipostaafu, katikati ya miaka ya elfu mbili, akahamia Kiegei kwenye mikorosho yake. Mimi, aliyenifundisha darasa la tatu, nilimtembelea huko mwaka 2008. Alikuwa amenenepa kidogo, anafuga bata, na wajukuu wanamsumbua. Nilimuuliza kama mwaka ule bado unamtisha.

Alimpapasa bata mmoja aliyejikunyata miguuni pake.

"Naona haya kusema, maana watu walikufa," alisema. "Lakini nilikuwa naamka na hamu ya kwenda kazini. Tulikuwa tunaongea, mji mzima. Mpaka walioshitakiana mbuzi walikuwa wanabebeana ndoo."

Kisha akainuka kwenda kuangalia ugali, akaniambia nisithubutu kuondoka kabla ya kula.