Sumaku wa mkanda: Mwanamke anayelilisha tanuru chupa zilizovunjika

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, king'ora cha kiwanda cha chupa kinalia mara moja, kifupi, kama mzee anayesafisha koo. Mkanda unaanza kutembea. Vipande vya chupa vinakuja vikigongana, vya kijani, vya kahawia, vyeupe, na katikati yake kila takataka ambayo binadamu amewahi kuitupa pamoja na chupa: vizibo, betri, vijiko, kandambili ya mguu mmoja. Asubuhi hii yamo pia meno ya bandia, seti ya juu.

"Mwenyewe anatafuna nini huko aliko?" anauliza mama aliyesimama kichwani mwa mkanda.

"Anatafuna maneno," anajibu mwenzake anayeitwa Sumaku, hata macho hajainua.

Anayatoa meno kwa vidole viwili vya glavu, anayatupa kwenye ndoo, na mkono huo huo unanyakua kipande kingine ambacho kwa jicho la mgeni ni kioo kama kioo kingine. Anakiinua kwenye taa, anakitazama ubavuni, anakitupa.

"Hicho kilikuwa bakuli la kuokea," anasema. "Kimekuja kutuharibia siku."

Juu ya mkanda imening'inizwa sumaku ya kweli, kubwa kama godoro la mtoto. Hiyo inajua chuma tu. Visivyo chuma, yaani mawe, vigae vya sakafu, vikombe vya kaure na vyombo vya kioo vinavyohimili moto wa jikoni, ni kazi ya wanawake wanane wanaosimama kando ya mkanda, wanne huku na wanne kule. Kiongozi wao ni huyu mama wa miaka hamsini na sita, mfupi, mwenye mabega ya mbeba maji na ulimi usiopumzika. Wenzake ndio waliompa jina, kwa sababu kisichotakiwa kikipita mbele yake kinanasa.

Chupa mpya hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa, vikayeyushwa katika moto ambao ukifungua kidirisha chake nyusi zinaomba ruhusa ya kuondoka. Lakini chupa ya zamani iliyovunjika huyeyuka upesi kuliko mchanga. Kadiri tanuru linavyolishwa vipande vingi, ndivyo linavyochoma mafuta machache na kutoa moshi mdogo, na ndivyo mchanga unavyobaki mtoni kwa wenyewe.

"Mchanga ni mbishi, lazima ubembelezwe kwa moto," anaeleza Sumaku. "Kipande kimeshawahi kuwa chupa. Njia kinaijua."

Shida ni kaure na kioo cha kuokea. Kioo cha kuokea hakichanganyiki vizuri na cha chupa, na kaure haiyeyuki humo kabisa. Inakaa ndani ya kioo kama jiwe jeupe la ukubwa wa punje ya mchele, na chupa yenye jiwe ikijazwa soda inaweza kupasuka mkononi mwa mnunuzi.

Yeye mwenyewe aliijua shida hiyo kwa njia ya aibu. Miaka kumi na saba iliyopita, akiwa na wiki tatu tu kazini, aliachia vipande vya bakuli la kuokea vikapita. Vilikuwa vinang'aa, akaviona vizuri kuliko chupa zenyewe. Kesho yake chupa za zamu nzima zilitoka na michirizi kama zimechorwa kwa kucha. Msimamizi wa wakati huo alimpa siku moja ya kujieleza.

Hakujieleza. Aliomba vipande viwili, kimoja cha chupa na kimoja cha bakuli, akaenda navyo nyumbani, akakaa navyo dirishani mpaka mumewe, fundi cherehani, akamuuliza kama ameolewa upya.

"Usoni vilifanana kama mapacha," anakumbuka. "Nikavigeuza ubavu. Cha chupa, ukingo wake kijani. Cha bakuli, ukingo mweupe, hauna rangi hata ya dawa. Nikapiga kelele, mume wangu akajichoma sindano."

Tangu siku hiyo kila anayeanza kazi mkandani anafundishwa kutazama ubavu kabla ya uso. Na tangu siku hiyo, mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, anaficha vyombo vipya akisikia hodi yake. Anamfahamu. Akipewa chai, kwanza atainua gilasi kwenye mwanga.

"Mama, hiyo ni ya wageni," humwambia.

"Nami ni nani? Naangalia tu ubavu, mwanangu. Kunywa nitakunywa."

Kwa miaka yote hiyo kiwanda kilikuwa kikichanganya vipande asilimia thelathini tu. Mwanzoni mwa mwaka huu meneja aliita wafanyakazi na kusema mambo mawili. La kwanza, mafuta yamepanda bei. La pili, kwa asilimia thelathini mkanda haujilipi. Kungekuwa na majaribio ya wiki nne ya kulisha tanuru asilimia hamsini. Yakifaulu, wanawake wanane waliokuwa vibarua wa siku kwa siku wangepata ajira ya kudumu. Yakishindwa, mkanda ungezimwa, tanuru lingerudi kwenye mchanga, na wao wangerudi nyumbani.

Sumaku aliinua mkono. "Na chupa mbaya zikitokea, tutaulizwa kwanza au tutafukuzwa kwanza?"

Watu walicheka. Meneja hakucheka, lakini aliahidi kuuliza kwanza.

Aliyecheka zaidi alikuwa fundi wa tanuru, bwana mrefu mwenye miaka ishirini na miwili mbele ya moto na sauti ya kuuzidi ngurumo yake. Yeye na Sumaku wanaitana dada na kaka, na undugu wenyewe ni wa kuchokozana.

"Dada, hilo tanuru si jalala," alimwambia siku ya kwanza. "Ukililisha takataka, litanitapikia."

"Kaka, hilo tanuru linakula kuliko wewe na halichagui kama wewe. Lilishe."

Wiki ya kwanza ilipita bila doa. Wiki ya pili, Jumatano alasiri, mkaguzi wa chupa, binti mtulivu mwenye miwani mizito, alianza kuweka chupa pembeni. Mpaka jioni zilikuwa arobaini na moja, kila moja na jiwe lake jeupe. Alhamisi mpaka saa sita mchana zilikuwa zimefika mia moja na kumi na mbili.

Meneja alishuka hadi mkandani mwenyewe. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliowatisha. Mawe yasipokoma leo, kesho majaribio yanasimamishwa.

Fundi wa tanuru alikuwa nyuma yake, mikono kiunoni. "Nilisema mimi. Takataka ni takataka hata ukiitazama ubavu."

Wanawake saba walimtazama Sumaku. Mmoja wao, mwenye watoto wanne na mume asiyejulikana alipo, alivua glavu kabisa, kama mtu aliyekwisha kuaga.

"Vaa glavu zako," Sumaku alimwambia. "Mkanda bado unatembea."

Anakiri kwamba alijishuku. Miaka inakwenda, macho nayo yanakwenda. Labda kweli kuna kikombe kilichompita. Lakini mia moja na kumi na mbili?

"Kikombe kimoja kikinipita, nitakubali," anasema. "Kabati zima la vyombo linipite nimesimama? Basi ningekuwa nimekufa na hawajaniambia."

Aliomba nusu saa, akamfuata mkaguzi wa chupa.

"Binti yangu, jiwe la kwanza lilitoka saa ngapi?"

"Jana saa tisa alasiri, mama. Kabla ya hapo hata moja."

"Na kitu kikiingia tanuruni, kinatoka chupa baada ya muda gani?"

"Kama siku moja hivi."

Sumaku alihesabu kwa vidole, ingawa hakukuwa na hesabu ya kuhitaji vidole. Jumatano saa tisa, rudi siku moja nyuma, ni Jumanne saa tisa. Na Jumanne, kuanzia adhuhuri mpaka jioni, mkanda wake ulikuwa umechanika. Mafundi waliushona, wao wanane wakafagia sakafu na kusengenya. Bohari lao la vipande lilikuwa tupu. Hakuna hata kipande kimoja kilichotoka mikononi mwao kikaingia tanuruni saa hizo.

"Sasa tanuru lilikula nini Jumanne alasiri?" alimuuliza binti.

"Chupa za ndani, mama. Zile zinazokataliwa hapa hapa."

Hapo pana desturi ya kiwanda ambayo ni ya zamani kuliko wote waliomo. Chupa iliyotoka na kasoro haitupwi. Inasukumwa kwenye tundu la sakafuni, inateremka kwa mfereji wa bati, inavunjika chini, inarudi tanuruni. Hizo hazipiti mkandani, kwa sababu ni za nyumbani na zinajulikana kuwa safi. Mtu akifanya kazi humo mwaka mmoja, mguu wake unajifunza: kitu kikivunjika, tunduni.

Sumaku alishuka ngazi mpaka kwenye sanduku la chuma lililo mwisho wa mfereji, akawasha tochi, akaanza kuchambua. Hakukawia. Kwenye kona palikuwa na mkono wa kikombe cha kaure, mnene kama sikio la ng'ombe, bado umeshikilia kipande chenye mkia mwekundu wa jogoo.

Kiwanda kizima kilimfahamu jogoo huyo. Kulikuwa na kikombe kimoja tu chenye jogoo mwekundu, cha nusu lita, na kilikuwa na mwenyewe.

Alipanda taratibu hadi chumba cha kuendeshea tanuru. Fundi alikuwa amekaa mbele ya mitambo yake, anapuliza chai.

"Kaka, siku hizi unanywea chai gilasi?"

"Nifanyeje dada, kikombe changu kilivunjika Jumanne. Kiliniteleza."

"Pole sana. Vipande vyake ulivipeleka wapi?"

"Aah, nilivisukuma pale."

"Pale wapi?"

"Pale. Pale kila kitu kinapo..." Sauti iliyoshinda ngurumo za tanuru ikaishia hapo.

Sumaku aliweka jogoo, au kilichobaki cha jogoo, mezani mbele yake.  

"Ishirini na miwili, dada," fundi alisema, akikigeuza kile kipande kwa kidole. "Miaka ishirini na miwili kila kinachovunjika hapa nakisukuma tunduni. Mguu ulikwenda wenyewe."

"Najua. Hata mimi kingeniteleza pale, ningekisukuma. Sasa nyanyuka, mguu huo huo ukupeleke kwa meneja, kwa sababu chini nina watu saba wameshaanza kuagana."

Alikwenda. Sifa hiyo Sumaku anampa bila kubana: alikwenda mwenyewe, akasema mwenyewe, jogoo mkononi, na meneja akaacha majaribio yaendelee. Mchana ule sanduku lote la chini lilimwagwa juu ya mkanda, na wanawake wanane wakalichambua mpaka mwisho wa zamu. Walipata vipande kumi na vinne vya kikombe na, kwa kuwa mguu wa fundi haukuwa peke yake wenye tabia hiyo, nusu ya sahani ya kantini na kifuniko cha birika ambacho kwa wiki mbili mpishi alikuwa akimshuku mlinzi kwamba amekiiba.

Ijumaa mawe yalikuwa kwenye chupa kumi na tisa. Jumamosi, tatu. Jumatatu mkaguzi mwenye miwani alikuja mkandani mikono mitupu, akaionyesha juu kama mtu anayejisalimisha, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka msimamizi akadhani mkanda umemshika mtu.

Wiki nne zilipokwisha, mafuta ya tanuru yalikuwa yameshuka kutoka mapipa hamsini kwa siku hadi arobaini na saba. Mapipa matatu kila siku hayachomwi tena. Mikataba minane ilisainiwa ofisini, na Sumaku, aliyeishia darasa la saba, aliusoma wake ukurasa kwa ukurasa huku karani akiangalia saa.

"Kwa miaka kumi na saba nikiumwa siku moja, siku hiyo sili," anasema. "Hapa pameandikwa likizo siku ishirini na moja. Nimesoma mara mbili nisije nikawa nimekosea."

Kutoka katika kisa hicho kiwanda kimebadili mambo. Chupa za ndani nazo sasa zinapita mkandani, hakuna tena cha nyumbani wala cha nje. Karibu na tanuru hairuhusiwi kaure ya aina yoyote. Fundi amepewa kikombe cha chuma, zawadi ya wanawake wanane, nao wamemkwangulia jogoo kwa msumari. Anasema jogoo huyo anafanana na bata. Anakinywea hivyo hivyo.

Tarehe mosi ya mwezi huu yalianza majaribio mengine, ya asilimia sitini. Safari hii aliyeandika barua ya kuyaomba ni fundi wa tanuru. Siku ya kuanza alimwita Sumaku chumbani kwake, akampisha kiti chake, jambo ambalo hata meneja hajawahi kufanyiwa, akamwonyesha kitufe cha kuongeza vipande.

"Bonyeza wewe, dada."

"Likitapika?"

"Tutapangusa wote."

Alibonyeza. Chini, mkanda uliongeza mwendo, na sauti ya vioo ikapanda.

Sasa anatafuta wanawake wengine wanane wa zamu ya alasiri, na mtihani wake ni vipande ishirini mezani, kumi na tisa vya chupa na kimoja cha bakuli. Akimaliza hapo anataka kwenda kwenye vituo vya kununulia chupa, awafundishe wakusanyaji kutazama ubavu, ili kaure ibaki huko huko isifike getini. Mwisho wa mwaka ujao, anasema, tanuru litakuwa linakula asilimia sabini.

"Na baada ya sabini?"

"Baada ya sabini nitastaafu, nikae nyumbani nimchambue mume wangu." Anacheka, glavu zikiwa tayari mkononi. "Ameshasikia habari hizo. Siku hizi ananiamsha mwenyewe nisichelewe kazini."