Kwandu Agoma Kuitwa Maskini

Kwandu hakuwa mtu wa kusukumwa. Mumewe alipofariki, ndugu walimtaka arudi kwao Lalago. Akawaambia hakuja kutembea. Akabaki kwenye kijiji cha mumewe, mlimani nje ya Kasoli, na nyumba yake ya nyasi, na ngitili yake: kipande cha mteremko alichokifunga masika yote, mnyama asikanyage, ili kiangazi pawe na malisho.

Ndipo wakaja wanunuzi binafsi wa pamba. Jamani, watu walipagawa! Miti ikakatwa, malisho yakalimwa mpaka mlangoni. Mabati yakaanza kumeremeta, na kusema kweli yalipendeza. Kwandu peke yake hakuilima ngitili yake, ingawa shemeji yake Bujiku, mdogo wa marehemu, alikuwa ameshaikodolea macho.

Mwezi wa tisa, jua limekausha kila kitu, akaja Selestini, mtaalamu wa mradi, kupima maendeleo na hali ya maisha. Kijana mpole, viatu safi. Akawaomba wanakijiji wajipange: wenye bati kulia, wenye nyasi kushoto. Hapo hapo mwenyekiti wa kijiji akadakia kwamba wa kushoto ndio wasiojiweza, na ardhi yao iliyokaa bure watapewa wenye uwezo wa kulima. Bujiku akakohoa, wala hakumtazama shemeji yake.

Kwandu akafunga khanga yake vizuri, akaenda kulia.

Watu wakaangua kicheko.

"Mayu Kwandu," mwenyekiti akasema, "kundi lako lile pale."

"Langu ni hili."

"Una bati wewe?"

"Sina. Wala sijakuomba."

Selestini akamuuliza kwa adabu kwa nini amesimama pale. Kwandu akawageukia wenye bati. Hasira ilizidi woga.

"Ng'ombe zenu ziko wapi sasa hivi?"

Karibu zote zilikuwa kwenye ngitili yake. Wenyewe walikwenda mmoja mmoja kumwomba, maana kwao palibaki vumbi tu, naye hakumnyima mtu.

"Kama mimi ni maskini na ardhi yangu imekaa bure, nazitoa leo hii. Kila mtu achukue zake, akazilishe mabati!"

Safari hii hakucheka mtu. Mwenyekiti akataka jambo hilo liahirishwe. Kwandu akasema haliahirishwi, na yeye haondoki pale.

Bujiku akamsogelea, akanong'ona, "Shemeji, hayo tutaongea nyumbani. Ng'ombe ziache tu zibaki."

"Sema kwa sauti. Na huyu mgeni asikie, ile ardhi ni ya nani."

"Shemeji, jamani..."

"Sema."

Bujiku akatazama mlimani, kisha akatazama chini. "Ni ya shemeji yangu, Kwandu."

"Huko nyuma hawajasikia."

Bujiku akavuta pumzi, akasema tena, kwa sauti.